Kikavu na kina maji: kisa cha ragù ya Idi pili mjini Bologna

Sahani ya kwanza nilimwekea wifi yangu. Kabla hajashika uma niliona maji mekundu yakijitenga na nyama na kusambaa chini ya tambi mpaka ukingoni. Nyama ilibaki katikati peke yake, punje ngumu za kijivu zilizopakwa nyanya, na kati ya punje kulikuwa na vidoa vyeupe kama chicha ya nazi. Tulikuwa watu 18, Idi pili, hapa Bologna, Italia. Wakubwa walikula kwa adabu. Watoto walikula tambi, nyama wakaisukuma pembeni. Mtoto wa kaka yangu, wa kati, alionja mara mbili kisha akaniambia, "Shangazi, leo imekuwa kavu, halafu ina maji."

Nilimwambia ale asimalize maneno. Lakini alikuwa amesema kweli pande zote mbili, na neno lake lilinikaa wiki nzima. Chakula kinawezaje kuwa kikavu na cha majimaji kwa wakati mmoja? Ndicho kisa ninachokieleza hapa, kwa urefu, maana najua Waswahili wengi wa Ulaya wanaopika ragù, rojo la nyama la Kiitaliano linaloliwa na tambi, bila nguruwe na bila mvinyo, na kila wakiuliza wafanyeje huambiwa neno moja: "Toa tu." Mimi nilitoa tu. Yaliyonipata ni haya.

Ilivyokuwa

Watoto wa kaka yangu wamezaliwa hapa. Pilau wanaila, tambi za sukari za futari wanazipenda, ila Idi hii waliomba kile wanachokula wenzao wa darasani kila Jumapili: tagliatelle, yaani tambi pana za mayai, na ragù inayopikwa taratibu kwa saa nyingi. Wageni wote walikuwa Waislamu. Kwa hiyo tangu mwanzo nilijua vitu viwili havitaingia chunguni, pancetta, ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe, na mvinyo.

Bologna ni mji uliouandikia mchuzi wake hati. Tarehe 17 Oktoba 1982, Accademia Italiana della Cucina, chama kinacholinda mapishi ya Kiitaliano, iliweka maelezo ya ragù kwenye Chemba ya Biashara ya mji, yakatiwa muhuri kama mkataba. Tarehe 20 Aprili 2023 wakaweka maelezo mapya. Hayo mapya ndiyo niliyoyafuata. Kwa watu sita yanataka gramu 400 za nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa chembe kubwa, gramu 150 za pancetta mbichi, kitunguu, karoti na bua la seleri, kila kimoja kama gramu 60, glasi moja ya mvinyo, mweupe au mwekundu, gramu 200 za nyanya laini ya chupa na kijiko kimoja cha nyanya nzito ya kopo, glasi ya maziwa kwa anayetaka, supu nyepesi, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, chumvi na pilipili manga. Kitunguu saumu marufuku. Majani ya harufu marufuku, na unga wa kulifanya rojo liwe zito vilevile. Kungumanga kidogo wanairuhusu, na hapo moyo wangu ulitulia, maana jikoni kwetu kungumanga haikosekani.

Watu 18 ni mara tatu ya sita. Nikazidisha kwa tatu, halafu nikaanza kupunguza.

Gramu 450 za pancetta nilizifuta, na ili uzito usipungue nikaweka nyama ya ng'ombe mahali pake. Ikawa kilo moja na gramu 650 za ng'ombe mtupu. Nilikwenda kwa muuza nyama wa halali mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni ya treni, nikamwomba anisagie paja, nyama safi, asiniwekee mafuta. Kwetu Tanga mgeni hapewi mafuta, hupewa steki. Niliona namheshimu mgeni wangu. Kwenye mafuta ya zeituni nikaogopa pia: badala ya vijiko tisa nikaweka vitatu. Mvinyo niliuondoa, nikaweka glasi tatu za maji, na ili uchachu usikosekane nikatia vijiko vinne vya siki.

Sufuria niliyotumia ni ile ndefu ya supu, upana wake sentimita 24. Niliwasha jiko saa nne asubuhi, na chakula kilitakiwa mezani saa saba mchana.

Kitunguu, karoti na seleri viliiva vizuri. Nikamwaga nyama yote kwa mpigo. Ikajaa sufuria kwa kina cha vidole viwili, na baada ya dakika tano ilikuwa imezama kwenye maji yake yenyewe, maji ya kijivu yenye povu, yanachemka. Sikushtuka hata kidogo. Nikaendelea kukoroga. Dakika ya kumi na tano maji yalikuwa bado yapo, nami muda unanikimbia, nikatia siki, maji, nyanya na maziwa kutoka kwenye friji, vyote ndani ya dakika tano. Saa sita na nusu nilifunua nikaona mchuzi badala ya rojo. Nikaongeza moto mpaka mwisho ili ukauke, nao ulichemka kwa fujo dakika ishirini na tano. Saa saba nikapakua.

Swali la bibi wa ghorofa ya pili

Jirani yangu wa ghorofa ya pili ni bibi aliyezaliwa na kukulia mji huu. Kesho yake nilimpelekea kibakuli kilichobaki, nikamwomba asinifiche kitu. Alikitazama, akakikoroga kwa kijiko, hakula haraka. Hakuniuliza nimeweka nini. Aliniuliza: "Uliisikia ikikaanga?"

Nikasema nilisikia ikichemka.

"Kuchemka na kukaanga si sauti moja, mwanangu," akasema, na hapo ndipo uchunguzi wangu ulipoanzia.

Nyama isiyo na mafuta karibu robo tatu yake ni maji. Ukiipasha moto, nyuzi zake hujikaza na kukamua maji hayo nje, na nyama ya kusaga huyatoa upesi kuliko kipande kizima kwa kuwa kisu cha mashine kimeshaikatakata. Kwa kilo moja na gramu 650 zilizorundikana kwenye sufuria nyembamba, maji yanayotoka ni mengi kuliko yanayoweza kuvukia. Yanatuama. Na palipo na maji, joto halipandi kupita nyuzi 100. Rangi ya kahawia, ile ya mshikaki ulioiva, na harufu inayomfanya mpita njia ageuke, huanza kupatikana kwa nguvu kwenye nyuzi kama 140. Kwa hiyo nyama yangu haikukaangwa hata dakika moja. Ilichemshwa kwenye jasho lake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yale maji ya kijivu hayakunishtua, mimi niliyepika tangu utotoni. Jibu nimelipata kwenye pilau. Nyama ya pilau tunaichemsha kwanza kwa makusudi. Tunataka itoe kila kitu, kwa sababu kile inachotoa ndiyo supu, na supu itanywewa na mchele. Hakuna kinachopotea: utamu unaotoka kwenye nyama unaukuta kwenye punje ya wali. Mkono wangu umezoea hesabu hiyo. Ila kwenye ragù hakuna mchele ndani ya chungu. Maji yakitoka hayana wa kuyanywa, yanabaki yanazunguka, na mwishowe unayamwaga juu ya tambi ambazo zimeshachemshwa na kushiba maji yake. Ndiyo maana mtoto alisema kweli pande zote mbili. Maji aliyoyaona kwenye sahani ndiyo yaleyale aliyoyakosa kwenye nyama.

Hilo lilieleza sehemu kubwa, lakini si lote. Bibi aliniambia amewahi kuona ragù zilizotoa maji mengi mwanzoni na bado zikaiva nzito baada ya saa tatu. Yangu ilikuwa nyepesi kama chai. Ilibidi nihesabu nilichoondoa.

Kazi zilizobaki bila mtu

Nilipoiondoa pancetta niliondoa uzito wa gramu 450, nikaurudisha uzito. Sikujiuliza pancetta ilikuwa inafanya nini pale. Karibu nusu yake ni shahamu. Ukijumlisha na vijiko tisa vya mafuta ya zeituni, hati inataka zaidi ya gramu 300 za mafuta kwa watu 18, mbali na yaliyo ndani ya nyama ya ng'ombe yenyewe. Mimi niliweka vijiko vitatu, kama gramu 40, na nyama ya paja iliyosafishwa.

Mafuta kwenye chungu hiki yana kazi tatu ninazoweza kuzionyesha kwa kidole. Ya kwanza, ndiyo yanayopanda juu ya nyuzi 100 na kukaanga, maji hayawezi. Ya pili, yanabeba rangi na harufu. Mpishi yeyote wa pwani anajua nyanya ya biriani haijaiva mpaka mafuta yajitenge na yawe mekundu: wekundu ule wa nyanya huyeyuka kwenye mafuta, na harufu nyingi za viungo ni hivyohivyo. Ya tatu, yanaivika kila punje ya nyama ngozi nyembamba, na yakishikana na supu nzito yanakuwa rojo lisiloachana. Chungu changu hakikuwa na mafuta ya kutosha kwa hata moja kati ya hizo.

Halafu kuna uzito wenyewe wa rojo. Hati ya mwaka 2023 inakataza unga, basi nini kinaufanya mchuzi ushike? Ni jelatini. Nyama ya sehemu zinazofanya kazi, shingo, kidari, mguu, ina utando na kano nyingi zilizojengwa kwa kolajeni. Ukizipika kwenye unyevu kwa muda mrefu, kuanzia nyuzi 60 na kitu hivi, na upesi zaidi ukipita 80, kolajeni huyeyuka taratibu na kuwa jelatini, kitu kilekile kinachoifanya supu ya makongoro igande asubuhi. Si bahati kwamba hati ya 1982 ilitaja nyama ya kiwambo, ule msuli mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo la ng'ombe. Wabologna huuita cartella. Una nyuzi nene na ladha nzito, wala si nyama ya mgeni kwa kipimo cha kwetu. Paja nililoomba mimi, lililoondolewa kila utando, halikuwa na cha kuyeyusha. Ningelipika mpaka magharibi, lingezidi kukauka tu.

Naona hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, na halikuanzia jikoni. Lilianzia buchani, nilipodhani nyama bora kwa mgeni ni bora kwa kila chungu.

Mvinyo nao una kazi. Hutiwa baada ya nyama kukaangika, wakati chini ya sufuria pameshika ukoko wa kahawia. Ukoko ule ndio utamu wa chungu kizima. Mvinyo huubandua, huacha uchachu kidogo na harufu, kisha huachwa uvukie mpaka usisikike puani. Wapo wanaosema pombe yote huondoka ikipikwa, hivyo hakuna neno. Si kweli. Baada ya saa mbili na nusu za kuchemka taratibu, bado hubaki kama asilimia 5 ya ile iliyotiwa. Anayejizuia ana haki ya kujizuia. Ila nilipoweka maji mahali pa mvinyo sikuwa na ukoko wa kubandua, kwa kuwa hakikukaangika kitu, na maji yale yakaongezea maji. Siki nayo nikaiweka mbichi, haikupewa nafasi ya kuvukia, na juu yake nikamwaga maziwa baridi kwenye chungu kinachochemka kwa nguvu. Maziwa yakakatika palepale. Vile vidoa vyeupe vilikuwa protini ya maziwa iliyojikusanya kwa ajili ya siki, nyanya na moto kwa pamoja. Hati inayaweka maziwa katikati ya upishi, chungu kikiwa kimetulia, na kwa hiari.

Moto wa mwisho sina haja ya kuueleza sana. Dakika ishirini na tano za fujo zilipunguza maji kidogo na kuzikaza punje zaidi. Nilikuwa najaribu kununua saa mbili kwa gesi.

Chungu cha pili

Nilisubiri Jumamosi iliyofuata. Kipimo nilikiacha kilekile, cha watu 18, ingawa tulikuwa sita. Nusu na zaidi ningegandisha. Ningepunguza wingi, nyama ingekaangika kirahisi nami nisingejua kama nimetibu ugonjwa au nimeuficha.

Kwa muuza nyama nilibadilisha maneno. Nilitaka gramu 1,200 za kidari na shingo, isagwe mara moja tu kwa tundu kubwa, na pembeni gramu 250 za shahamu ya kidari, kipande kizima, nikaikate mwenyewe. Nilinunua pia mifupa ya goti kwa ajili ya supu. Mifupa niliichemsha usiku uliotangulia na chumvi haba na karoti moja, nikachuja.

Shahamu niliikata ndogo kama mbaazi, nikaiweka kwenye sufuria pana, sentimita 32, pamoja na vijiko sita vya mafuta ya zeituni, moto mdogo. Ilichukua robo saa kuyeyuka na kubaki vikoko vidogo vya dhahabu. Nikaongeza gramu 60 za siagi. Siagi haimo kwenye hati, lakini si ugeni katika chungu hiki: Pellegrino Artusi, mwandishi wa kitabu maarufu cha mapishi ya Kiitaliano, alipochapisha mwaka 1891 maelezo ya makaroni ya Kibologna, alitumia siagi, nyama ya ndama, pancetta, mboga na supu. Nyanya hakuweka kabisa. Watu wanaodhani ragù ni mchuzi wa nyanya wenye nyama ndani wakumbuke hilo. Hata leo nyanya ni gramu 200 kwa gramu 550 za nyama.

Mboga gramu 180 kila moja, zimekatwa ndogo sana. Hapa ilibidi nimzuie mpishi wa pilau aliye ndani yangu. Kitunguu cha pilau tunakipeleka mpaka kiwe cha rangi ya kahawa, kwa kuwa ndicho kinachotia rangi wali. Hiki hakitakiwi kuungua. Kinalainika, kinang'aa, kinakuwa kitamu, na basi. Dakika kumi na nane kwa moto mdogo, kisha nikaziopoa mboga zote kwenye bakuli na kuacha mafuta.

Nyama niliigawa mafungu manne ya gramu 300. Bibi alikuwa ameshuka, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, hatazami jiko. Niliweka fungu la kwanza nikalitandaza bila kuligusa. Dakika mbili za kwanza ilikuwa sauti ileile ninayoijua, blukublu, blukublu, maji yanatoka. Nikatamani kukoroga. "Iache," akasema. Dakika ya tano sauti ikabadilika. Blukublu zikapungua, zikawa nyembamba, kisha sufuria nzima ikaanza kulia chwaa, mlio mkavu wa kitu kinachokutana na mafuta bila maji katikati. Bibi akainua kidole. Nikageuza kwa mwiko: upande wa chini ulikuwa wa kahawia kweli, na harufu iliyopanda haikuwa ya nyama ya kuchemsha, ilikuwa ya choma. Fungu lile lilichukua dakika tisa. Manne yalichukua kama dakika arobaini, na sufuria ilikuwa imeshika ukoko pande zote.

Nimelizungumzia jambo hili kwa urefu kwa sababu, kwa maoni yangu, dakika zile arobaini ndizo zilizoamua chakula. Anayepikia watu wengi atasema hana nafasi ya mafungu manne. Atumie sufuria mbili, au atandaze nyama kwenye sinia la oveni yenye moto mkali. Asiirundike.

Mahali pa mvinyo nilitumia supu ya mifupa, nusu glasi kwa mara moja, nikikwangua ukoko kwa mwiko wa mti mpaka sufuria ibaki safi na supu ikauke, mara tatu. Siki sikuigusa. Nikaiingiza nyanya nzito ya kopo kwanza, vijiko vitatu, nikaikaanga kwenye mafuta mpaka yakajitenga mekundu kama ya biriani. Ndipo nyanya ya chupa, gramu 600, mboga zikarudi, na supu ya moto ya kufunika nyama tu.

Baada ya hapo ni moto. Niliupunguza mpaka kiputo kimoja kinapanda, kinapasuka, ndipo kingine kinafuata. Mfuniko niliuacha wazi kidogo. Kila baada ya dakika ishirini nilikoroga na kuongeza supu ikihitajika, ya moto kila mara. Baada ya saa moja na nusu nikayatia maziwa, glasi tatu, yakiwa vuguvugu, glasi moja kwa mara moja, nikingoja chungu kiyanywe kabla ya kuongeza. Hayakukatika. Rangi ikatoka kwenye wekundu ikawa ya matofali, ileile ya nyumba za mji huu. Saa tatu na robo tangu nyanya iingie nikazima, nikakamulia kijiko kimoja cha limau, nikakuna kungumanga, nikafunika.

Lilikuwepo jambo moja ambalo sikulifikiria kabisa siku ya Idi, wifi yangu ndiye aliyelileta. Parmigiano Reggiano, jibini inayokunwa juu ya ragù, kwa kanuni zake hugandishwa na kimeng'enya cha tumbo la ndama, na ndama huyo hakuchinjwa kwa Bismillahi. Wapo wanaoila bila wasiwasi na wapo wasioila. Basi haikunwi juu ya chakula cha wote. Inawekwa kwenye kibakuli chake katikati ya meza na kila mtu anajihudumia.

Tambi zilikuwa tagliatelle za mayai, yai moja kwa gramu 100 za unga, upana wa milimita nane zikishaiva. Milimita nane hizo nazo zina hati yake Chemba ya Biashara, ya mwaka 1972. Nilizitoa kwenye maji, nikazigeuza ndani ya sufuria ya ragù na kijiko kikubwa cha maji yake, dakika moja, ndipo nikapakua. Sahani ilibaki nyeupe ukingoni. Nyama ilikuwa imeshika tambi, na ulipoinua uma haikudondoka.

Bibi alikula sahani nzima, kisha akasema ni nzuri, ila si ile iliyowekwa Chemba ya Biashara, kwa sababu ile ina pancetta. Ni kweli na sitabishana naye. Wasomali wametatua jambo hili zamani bila kuomba ruhusa ya mtu: Waitaliano walipoitawala nchi yao waliwaachia tambi na neno sugo, wao wakafanya suugo, nyama ya kusaga na nyanya na viungo vyao, hakuna nguruwe wala mvinyo, na hadi leo ni chakula cha kila siku. Kina jina lake. Changu nitakiita ragù ya ng'ombe, na asitegemee mtu zaidi ya hapo.

Kasoro moja ilibaki. Sahani zilipopoa tulipokuwa tukizungumza, nilihisi utando mwembamba mdomoni, kwenye mdomo wa juu. Shahamu ya ng'ombe huganda kwenye joto la juu kuliko ya nguruwe, hivyo wakati ile ya pancetta inabaki laini, hii ya ng'ombe inaanza kushika kabla hujamaliza kula. Gramu 250 zilikuwa nyingi. Makopo manne yaliyoingia kwenye friza nimeyaandikia kwa kalamu: kidari na shingo, shahamu 250, punguza hadi 150, ongeza zeituni vijiko vitatu.